Kombe la Sare Mbili

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Klabu ya Gor Mahia ya Kenya iliumwa mwaka 1979. Katika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, mchuano ulioanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya klabu zilizotwaa vikombe vya nchi zao, ilikutana na Canon ya Yaoundé, Kamerun. Jumla ya mikondo yote miwili ilikuwa mabao 8 kwa nunge. Bao la kufutia machozi halikupatikana, si nyumbani wala ugenini. Miaka minane ilipita kabla timu hiyo haijafika tena kwenye mlango uleule. Basi hadithi ya msimu wa 1987 ni hadithi ya watu waliorudi mahali walipofedheheshwa.

Mwanafunzi wa mofolojia hatakosa kulizingatia neno mtoano. Linatokana na kitenzi kutoana, na kiambishi -an- ndani yake kinabeba dhana ya kutendana. Shindano nalo lina asili hiyohiyo. Lugha yenyewe imekwisha kukiri kwamba katika mashindano haya hakuna atendaye peke yake: yule unayetaka kumtoa ndiye naye anayetaka kukutoa. Katika ligi, timu iliyoshindwa leo hujipa moyo kwamba itafidia wiki ijayo. Katika mtoano hakuna wiki ijayo. Kosa moja la mlinzi aliyesinzia huweza kuzika jasho la mwaka mzima. Ndiyo maana hofu ya 1979 haikuwa jambo la kupuuzwa. Kila hatua iliyovukwa mwaka 1987 iliwasogeza wachezaji karibu na kombe, na papo hapo ikawasogeza karibu na lile jeraha la zamani.

Mashindano hayo Wakenya wamezoea kuyaita Kombe la Mandela. Mwaka huo Nelson Mandela mwenyewe alikuwa angali kifungoni Afrika Kusini, na hakuachiliwa hadi Februari 1990. Kwa hivyo jina la kombe lilikuwa na uzito uliozidi wa fedha iliyolifinyanga. Hali kadhalika, uwanja wa Kasarani jijini Nairobi ulikuwa mpya. Ulikuwa umejengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika iliyofanyika Agosti mwaka huohuo, na humo timu ya taifa ya Kenya ilikuwa imeshindwa na Misri bao 1 kwa nunge katika fainali ya kandanda. Nyumba mpya ilikuwa bado haijaonja harusi.

Mpinzani katika fainali alikuwa Espérance ya Tunis. Mkondo wa kwanza ulichezwa Tunisia, na Gor Mahia ikaondoka na sare ya mabao 2 kwa 2. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja na mwenyeji akaugua. Kwa kanuni ya wakati huo, jumla ya mabao ikilingana, timu iliyofunga mengi zaidi ugenini ndiyo iliyopewa ushindi. Yale mabao mawili ya Tunis yalikuwa akiba iliyowekwa kwa jirani.

Akiba hiyo, hata hivyo, haikuwa ya kuliwa ovyo. Mkondo wa pili, uliosakatwa Kasarani mwezi wa Desemba, ulimalizika kwa sare ya bao 1 kwa 1. Jumla ikawa 3 kwa 3. Mabao ya ugenini yakawa 2 kwa 1. Bao moja tu zaidi la Watunisia lingeibadilisha hadithi yote. Maelfu waliojaa uwanjani, na wengine wengi walioinamia redio vijijini, walilazimika kushangilia na kuomba dua kwa pumzi moja. Kipenga cha mwisho kilipolia, nahodha Austin Oduor akawa Mkenya wa kwanza kuongoza klabu ya nchi yake kutwaa kombe la bara. Kombe lilitwaliwa pasi na kushinda hata mchezo mmoja wa fainali.

Jambo hili lastahili kutafakariwa. Kumbukumbu za umma hupenda kusimulia mwaka 1987 kana kwamba ulikuwa mafuriko yaliyomzoa adui. Hesabu zasema vingine. Ulikuwa ushindi wa subira: wa kufunga ulipopata nafasi, kulinda ulichonacho, na kutotaharuki mwenzako anaposawazisha. Peter Dawo, mshambuliaji aliyewahangaisha walinzi msimu mzima, anakumbukwa kwa haki. Lakini sare hazijengwi na washambuliaji peke yao.

Aidha, lugha ilikuwa na fungu lake. Klabu hii ilizaliwa mwaka 1968 na kupewa jina la mganga mashuhuri wa Waluo. Wapenzi wake huiita Sirkal, neno la Kiluo lenye asili moja na serikali. Nahodha wake alijulikana kwa lakabu ya Makamu, na mwenzake Sammy Onyango kwa lakabu ya Jogoo. Timu ya jamii moja ilibeba Kiswahili mgongoni mwake. Nao watangazaji wa Sauti ya Kenya, wa kizazi cha Leonard Mambo Mbotela aliyeaga dunia Februari 2025, walikuwa wamewazoesha wasikilizaji wa kila kabila kuuona mpira kwa masikio. Kwa lugha hiyo, asiyejua neno moja la Kiluo aliweza kusema "tumeshinda" bila kusitasita.

Tangu hapo, hakuna klabu ya Kenya iliyotwaa tena kombe la bara. Mashindano yenyewe yalichezwa kwa mara ya mwisho mwaka 2003, kisha yakaunganishwa na Kombe la CAF na kuwa Kombe la Shirikisho. Espérance, aliyelala Kasarani, aliamka: ametawazwa bingwa wa klabu za Afrika mwaka 1994, 2011, 2018 na 2019. Aliyeshindwa aliondoka na somo. Aliyeshinda akabaki na picha.

Hapana ubaya kuitunza picha. Ubaya ni kuifanya picha kuwa shamba. Sifa ya 1987 ilipatikana kwa watu waliokumbuka walivyoumwa mwaka 1979 na wakajirekebisha, hatua kwa hatua, hadi sare mbili zikatosha. Mbegu ya ghalani hailishi mtu hadi ipandwe; na mvua za kupandia zimepita nyingi.