Tapeti za Pikipiki: Barua kwa Mpwa Aliye Morogoro

Tapeti ya pikipiki huachiwa mwanya mdogo kati ya ncha ya skrubu yake na mkia wa valvu, ili valvu ipate kufunga kabisa hata injini ikipata moto. Katika injini za mtindo wa Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na kuigwa baadaye na viwanda vingi vya China, mwanya huo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutolea. Karatasi ya fotokopi ni nene kuliko hapo. Pikipiki ambayo mpwa ameichukua kwa mkataba ni ya mtindo huo, na barua hii inaandikwa kwa sababu ya habari iliyoletwa Korogwe na vijana wa malori: kwamba tapeti zake hukazwa kijiweni, injini ikiwa bado ya moto, mpaka mlio uishe, na kwamba mwenyewe hujisifu mbele ya abiria kuwa chombo chake hakisikiki.

Ukimya huo ndio wa kuogopwa. Krenki ikizunguka mara mbili, kila valvu hufunguka mara moja. Injini inayokwenda mizunguko 6000 kwa dakika hufungua kila valvu mara 50 kwa sekunde. Kichwa cha valvu ya kutolea hupitiwa na gesi iliyotoka kuungua muda huohuo, na kwa kazi ngumu joto lake hupita nyuzi 600. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka wakati valvu imekalia kiti chake na kuupitisha moto kwenye silinda hedi. Mwanya ukiisha, valvu haikai sawasawa. Gesi ya moto hupenya, hula ukingo, upenyo huongezeka, na kadiri unavyoongezeka ndivyo valvu inavyozidi kukosa mahali pa kupoea. Tapeti iliyolegea hupiga kelele, hufungua valvu kwa kuchelewa na kuchakaza ncha za roka, lakini haiunguzi valvu. Iliyokazwa mno huiunguza bila kutoa sauti yoyote.

Tena valvu kwa kawaida huzama polepole kwenye kiti chake, hivyo mwanya hupungua wenyewe bila mtu kugusa skrubu. Kwa hiyo pikipiki iliyokuwa na mlio mdogo wa tapeti, kisha ikanyamaza yenyewe, inafaa ifunguliwe siku hiyohiyo.

Jambo hili limeshaonekana katika ukoo. Shemeji wa mjomba alikuwa akipandisha bidhaa za duka kutoka Mombo kwenda Lushoto, na kushusha karoti na kabichi. Barabara ile huanza kwenye joto la bondeni na kupanda milima ya Usambara kupitia Soni, kona juu ya kona, gia ya pili kwa muda mrefu. Fundi mmoja alimkazia tapeti mpaka injini ikatulia, na shemeji akafurahi. Dalili ya kwanza ilikuwa kiki: asubuhi pikipiki iliwaka vizuri, lakini ikisimamishwa ya moto ilimtoa jasho. Akabadilisha plagi. Akasafisha kabureta. Akabadilisha plagi tena. Sailensa ikawa haishiki, kukawa na milipuko kwenye ekzosi, na bado akaambiwa petroli ndiyo mbaya. Siku moja karibu na Soni, akiwa na gunia la sukari nyuma, nguvu zikaisha. Kiki ikawa inashuka bila upinzani wowote.

Pikipiki ililetwa kwenye gereji ya mjomba, Korogwe, juu ya pikapu. Hedi ilipofunguliwa, ukingo wa valvu ya kutolea ulikuwa umeliwa kwa upana wa ukucha wa kidole kidogo, na kiti kilikuwa kimeungua mahali palepale. Fedha ya valvu, gasketi na kusaga kiti ilitoka mfukoni mwa mjomba, na haijarudi mpaka leo. Juu ya hayo, kwenye arusi ya binti wa shangazi, shemeji huyo aliwasimulia watu kwamba pikipiki iliharibikia gereji ya Korogwe. Iliharibika kabla haijafika. Valvu yenyewe ingali kwenye kopo la nati, na mpwa aliichezea sana alipokuwa mdogo.

Kazi ya kupima hufanywa nyumbani, asubuhi, kabla pikipiki haijawashwa. Kwa injini ya CG125 kipimo ni cha injini iliyo chini ya nyuzi 35, na kwa jua la Morogoro hilo ni gumu kulipata mchana. Silinda na hedi ni aluminiamu, valvu ni chuma. Havitanuki sawasawa, hivyo mwanya unaopatikana injini ikiwa ya moto si ule wa kitabu. Anayekaza huku abiria anasubiri hapimi kitu, anasikiliza tu.

Kabla ya kufungua kava la tapeti, vumbi la kulizunguka hufutwa, maana mchanga ukiingia humo utazunguka na oili. Plagi hutolewa ili krenki iende kwa wepesi. Kava la sumaku upande wa kushoto likifunguliwa, nati ya katikati huzungushwa kinyume cha mishale ya saa mpaka alama ya T kwenye sumaku ilingane na alama ya injini. Hapo pistoni iko juu kabisa, lakini hufika huko mara mbili: ikimaliza kubana, na ikimaliza kutoa moshi. Inayotakiwa ni ya kwanza. Kwa kawaida roka zote mbili zikishikwa kwa vidole hucheza kidogo. Zikiwa zimebana, krenki huzungushwa duru moja nzima na T kurudishwa mahali pake. Tapeti zikiwa zimekazwa mno, kama zinavyosemwa za mpwa, huenda roka zisicheze popote. Hapo itazamwe valvu ya kuingiza: ikishuka na kurudi juu, T inayofuata ndiyo yenyewe.

Kibati cha 0.08 cha fila geji hupitishwa kati ya skrubu na mkia wa valvu. Kinapaswa kupita kikishikwa kidogo, mkono uhisi kuburuta kwa upole. Cha 0.05 kipite huru, cha 0.10 kikatae. Wapo wanaotumia wembe. Wembe si kipimo. Ncha ya skrubu nayo itazamwe: ikiwa imechimbika shimo, kibati hupita juu ya shimo na kudanganya, na dawa yake ni skrubu mpya.

Kipimo kikiwa si sawa, nati ya kufungia hulegezwa na skrubu kuzungushwa kidogo sana, kibati kikiwa mahali pake. Hapa ndipo mikono yenye haraka hukosea: nati inapokazwa huvuta skrubu pamoja nayo, na 0.08 hugeuka kuwa sifuri. Skrubu ishikwe bila kusogea mpaka nati ikaze, kisha mwanya upimwe upya. Baadaye krenki huzungushwa duru mbili, T irudi, na valvu zote mbili zipimwe mara ya mwisho. Penye shaka, heri ilegee kidogo.

Mpira wa kava la tapeti ukiwa umekauka ubadilishwe. Silikoni ikizidi hukatikia ndani na kuziba njia ya oili. Injini ikiwashwa itasikika mlio mwepesi wa tapeti, nao si ugonjwa. Lakini kama baada ya kazi hii pikipiki bado ni ngumu kuwaka injini ikiwa ya moto, huenda valvu imeshaungua, na hakuna skrubu itakayoiponya, hedi ifunguliwe.

Pikipiki mpya hupimwa baada ya kilomita 1000 za kwanza, kisha kila baada ya kilomita 3000 hadi 4000. Anayekwenda kilomita 100 kwa siku hufika hapo kwa mwezi mmoja hivi. Injini zenye kamu ndani ya hedi, kama Boxer na TVS za vijana wenzake, zina vipimo vyake kitabuni, na hivyo ndivyo vya kufuatwa.

Mengine ni mafupi. Oili isingoje iwe nyeusi tii. Kichujio cha hewa kisitolewe ati pikipiki ipate mbio. Chombo cha mkataba hakiazimishwi, kwa kuwa deni halina mwenzi. Nyumbani wote ni wazima, mahindi yamevunwa, na mama yake anangoja simu.

Fila geji iliyofungwa pamoja na barua hii ni ya gereji, imepimia injini nyingi za Korogwe na hakuna hata moja iliyorudi na valvu iliyoungua. Mpwa afungue kava alfajiri ya Jumapili hii, kabla ya kubeba mzigo wowote wa Mikese, na vipimo vyote viwili atakavyovikuta, kabla hajagusa skrubu, aviandike na kuvituma Korogwe.

Ni mjomba wake,
Korogwe