Mashine niliyowaahidi haiji

Najua nimepotea hapa kijiweni kwangu kwa muda mrefu, na najua wengine mmeshaanza kunong'ona kwamba huyu bwana kala hela za watu. Sijala. Milioni 9 zenu ziko palepale kwenye akaunti aliyofungua Kaka, hata senti haijaguswa. Leo nina habari mbili, na nimeona niziandike hapa ili wote msome kwa pamoja, maana kumpigia kila mtu simu moja moja siwezi. Nikiamka mimi, ninyi mmeshakula cha mchana.

Habari ya kwanza: ile mashine ya kutengenezea kalibu za mchanga niliyomwahidi Baba Mdogo mkesha wa Krismasi 2023, mbele yenu wote, haiji. Habari ya pili: nadhani nimepata kinachomfaa zaidi. Shangazi, wewe uliyeuza ng'ombe, naomba usome hadi mwisho kabla hujanipigia.

Kwanza niwaeleze wale ambao hawajawahi kufika kwenye karakana ya Baba Mdogo pale Mwanza. Anayeyusha alumini chakavu na kusubu puli za mashine za kusaga. Ili upate puli lazima uwe na pateni, yaani umbo la mbao lenye sura ya puli. Unaiweka pateni kwenye ubao, unaizungushia boksi lisilo na kitako wala kifuniko, unajaza mchanga wenye unyevu na kuushindilia. Halafu unaitoa pateni, na pale ilipokuwa linabaki tundu lenye sura ileile. Tundu hilo ndilo kalibu. Unafunika na boksi la pili, unamimina alumini, unasubiri, unavunja mchanga, puli hiyo. Mfereji wa mkanda unakerezwa baadaye.

Mchanga wenyewe si mchanga wa kujengea tu. Huku viwandani, kwenye kila kilo 100 wanatia kilo 6 hadi 10 za udongo wa bentonaiti na maji kilo 2 hadi 4. Udongo ndio gundi. Maji yakizidi, chuma cha moto kinayageuza mvuke na mvuke unaacha matundu ndani ya puli. Yakipungua, mchanga haushikani.

Kazi yangu hapa Milwaukee ni kuchora mashine zinazofanya kazi hiyo badala ya mikono. Ndiyo maana mkesha ule, baada ya pilau na soda, nilijiona mtu mkubwa. Kulikuwa na kiwanda kimoja huku kinauza mashine yake ya zamani, nikasema naileta, mkachanga.

Sasa sikilizeni ile mashine ni ya namna gani. Asili yake ni wazo la Profesa Vagn Aage Jeppesen wa Denmark, aliyeomba hataza mwaka 1957. Kampuni ya Denmark iliitengeneza na kuionyesha Düsseldorf mwaka 1962. Uzuri wake ni kwamba haina maboksi kabisa. Kuna chumba cha chuma chenye pateni mbili zinazotazamana, moja kwenye pistoni na nyingine kwenye mlango. Upepo unapuliza mchanga ndani, pistoni inaukandamiza ukawa tofali gumu, mlango unafunguka na kujiinua juu, na pistoni inalisukuma tofali nje likaegemee tofali lililotangulia. Mgongo wa hili na kifua cha lile vinafanya kalibu moja. Ile ya kwanza ilitoa kalibu 240 kwa saa, yaani moja kila sekunde 15.

Nilipopiga hesabu kwa utulivu nikaona aibu. Baba Mdogo kwa siku njema anamimina kalibu 25. Mashine ile ingezimaliza kwa dakika 6 na kidogo, kisha ilale hadi kesho. Tena inataka umeme wa volti 480 wenye mizunguko 60, wakati wetu ni volti 400 na mizunguko 50, hivyo mota zingezunguka polepole kwa moja ya sita. Inataka kompresa kubwa, mashine nyingine ya kuchanganya mchanga, na pateni zote zitengenezwe upya kwa chuma. Ningekuwa nimewaletea jiwe la kuwekea maua.

Mngeweza kuniuliza: basi si ulete ndogo? Nami nilifikiria hivyohivyo. Nikaanza kuchora mashine ndogo ya kukandamiza kwa upepo. Hesabu yake ni hii. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 30, kwa upepo wa baa 6, inasukuma kwa zaidi ya tani 4. Inatisha, sivyo? Lakini nguvu hiyo inagawanyika juu ya boksi zima. Boksi la sentimita 50 kwa 40 lina eneo la sentimita 2,000 za mraba, kwa hiyo kila sentimita moja ya mraba inapata kilo 2 na kidogo tu. Ni kama mtu wa kilo 70 aliyesimama kwa kisigino kimoja. Kijana wa Baba Mdogo akishika mchi wake anaufikisha mchanga hapo bila kompresa, tofauti ni kwamba yeye anakwenda mahali pamoja pamoja na anachoka.

Halafu kukandamiza peke yake kuna kasoro. Mchanga ulio karibu na bamba la juu unakuwa mgumu, ule wa chini karibu na pateni unabaki laini, kwa sababu nguvu inaliwa na msuguano wa kuta za boksi. Njia nyingine ni kudundisha: meza inainuliwa kwa upepo na kuachiwa ianguke, tena na tena. Ninyi mnaijua hiyo. Mchuuzi wa mahindi anayejaza lumbesa hufanya nini? Analinyanyua gunia na kulibwaga chini ili punje zishuke. Kwa mchanga matokeo ni kinyume cha kukandamiza: chini panakuwa pagumu, juu panabaki laini kwa kuwa hakuna kitu juu yake cha kuusindika. Ndiyo maana wachoraji wa zamani waliunganisha vyote viwili katika mashine moja, idundishe kwanza, ikandamize baadaye. Lakini kudundisha kunataka msingi mzito wa zege na kuna kelele za kupasua masikio, na karakana ya Baba Mdogo imepakana na nyumba ya Mama Neema mwenye mtoto mchanga.

Nilikuwa nimefika hapo, sijui nifanye nini, nilipomwomba Baba Mdogo anipigie picha za kalibu zilizoharibika. Alinitumia 14. Aliandika chini yake, "Mwanangu, nguvu zinatupungukia, mchanga haushiki." Nikazitazama usiku ule, nikazipanga moja baada ya nyingine. Katika 11 kati ya hizo 14, kingo zilikuwa zimemeguka upande uleule.

Mchanga uliokosa nguvu haumeguki hivyo. Ukiwa haujashindiliwa vizuri, alumini inausukuma, puli inatoka imevimba na ngozi yake ina makwaruzo. Nilimwomba apime puli zake, akapima, hazikuvimba. Nikampigia kumuuliza kijana wake husimama wapi wakati wa kuitoa pateni. Akasema, "Husimama upande wa mlango, kwenye hewa." Upande unaomeguka ulikuwa wa mlango. Baba Mdogo mwenyewe alinyamaza kidogo, kisha akacheka.

Nguvu hazikumpungukia. Tatizo lake ni kuvuta.

Nalijua tatizo hilo kwa sababu liliniumbua mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa pili hapa nilipewa kuchora sehemu ya mashine inayotenganisha boksi na pateni. Nikashughulika na nguvu: pistoni kubwa, vyuma vinene. Zile bushi zinazoongoza nguzo nikazifanya fupi ili kuokoa nafasi, na pistoni nikaiweka pembeni kidogo kwa sababu katikati palikuwa na bomba. Siku ya majaribio, kati ya kalibu 40 za kwanza, 30 zilimeguka. Nikasema ni mchanga. Tukabadilisha mchanga siku mbili. Hali ikawa ileile.

Kuna mzee mmoja wa Bukavu anayeendesha mashine pale, tunaongea Kiswahili, yeye chake mimi changu. Kwanza alichukua mchanga kiganjani, akaufumbata, akaukata katikati kama mkate. Ulikatika vizuri, kingo kali, na haukuganda mkononi. Kisha akaweka kiganja juu ya fremu na kuniambia niibonyeze ipande. Akasema, "Muchanga iko muzuri, mutoto yangu. Ni kuvuta ndiyo mubaya." Tulipopima, upande mmoja ulikuwa unaanza kupanda milimita 2 kabla ya mwingine. Ni kama droo ya kabati la Bibi: ukiivuta kwa pembe moja inakwenda mshazari na kukwama, na kadiri ilivyo fupi ndivyo inavyokwama zaidi. Nilirefusha bushi mara mbili na nusu, nikatia mhimili mmoja wa kuunganisha pande mbili ili zipande pamoja. Kumeguka kukaisha. Ripoti niliyoandika wiki ile, ya kukiri kwamba kosa lilikuwa la mchoro wangu, ndiyo ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika kwa Kiingereza.

Mnakumbuka tulivyokuwa tunajenga vibanda ziwani? Unauzika mguu kwenye mchanga wenye unyevu, unaupigapiga juu kwa kiganja, halafu unautoa mguu taratibu. Aliyeuchomoa kwa pupa au kwa mshazari, kibanda kilianguka, hata kama alikuwa ameupiga mchanga vizuri kuliko wote. Dada alikuwa bingwa wetu, na siri yake ni kwamba alikuwa na subira ya kutoa.

Basi, mashine niliyomchorea Baba Mdogo ni hii. Haina umeme wala upepo. Ni meza ya engo aini, pateni imefungwa juu yake kwa boliti. Kijana anashindilia kwa mchi kama kawaida, maana hapo hana kosa. Akimaliza anakanyaga kanyagio, na pini nne zinaliinua boksi moja kwa moja juu, likiiacha pateni chini. Kanyagio linazungusha mhimili mmoja unaoshika pande zote mbili, hivyo haijalishi amesimama mlangoni au dirishani. Kwa nguzo za kuongozea nimependekeza rodi za shokapu za gari, nne za aina moja zisizokwaruzika wala kupinda, kwa sababu ni ngumu, zimenyooka na zinapatikana kwa mafundi gari. Bushi zikerezwe kwa shaba nyeusi, na urefu wake usipungue mara mbili ya kipenyo cha rodi.

Pateni nazo ziongezwe mwinamo wa nyuzi 2 kwenye kuta, kama ndoo zilivyo pana mdomoni ili zipandane na kutoka. Na zile nyundo za kuigongagonga pateni ili ilegee ziachwe, kwa sababu kila kipigo kinapanua tundu na ndiyo maana puli zake hazilingani uzito.

Nina ombi moja, Baba Mdogo, na hili si la mashine. Ule mchanga wa zamani uliokauka msiuchekeche bila kuunyunyizia maji. Vumbi lake laini la silika linaingia kwenye mapafu na halitoki, na ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya. Huku Marekani mwaka 2016 walishusha kiwango kinachoruhusiwa hadi maikrogramu 50 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8, kiasi ambacho jicho halikioni. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Nawatumia barakoa halisi na mtu anayekuja mwezi ujao.

Kuhusu hela: vyuma, ufundi wa kuchomelea na kukereza, kwa hesabu aliyofanya Kaka na mafundi wawili, havifiki milioni 2. Napendekeza zilizobaki zirudishwe kwa kila mtu kwa kadiri alivyochanga, tukianza na Shangazi. Kama mtakubaliana sehemu inunue mashine ya kukereza iliyotumika, hilo ni lenu na Baba Mdogo, mimi sitaahidi tena chochote mbele ya pilau.

Michoro nimeshamtumia Kaka, kurasa 6, vipimo vyote kwa milimita. Meza ikikamilika naomba mnipigie picha za kalibu 14 za kwanza, zikiwemo zilizovunjika. Hizo hasa ndizo ninazozitaka.

Haya, baridi huku imeanza, nakwenda kutafuta soksi za pili. Nisalimieni wote, na Mama Neema mwambieni mtoto alale, hakuna mashine ya kudunda inayokuja.

Ndugu yenu wa Milwaukee.