Nyasi za plastiki uani kwa baba mdogo

Baba mdogo amestaafu ualimu na sasa kaamua: uani kwake Butimba pawe na uwanja wa michezo wa nyasi bandia. Si lile kapeti la kijani unaloliona saluni na baa, hapana. Uwanja kabisa, mita 18 kwa 9, vipimo vya voliboli, maana kafundisha michezo miaka mingi na wajukuu zake, anasema, wanakua kama kuku wa kisasa, wamefungiwa ndani na simu. Kazi ya kuuliza uliza nikapewa mimi. "Mwanawane, si wewe mwandishi? Haya, chunguza na hili."

Mhariri wangu angesema mzee kutandika zulia uani kwake si habari. Lakini hebu nisikilize kidogo.

Nyasi hizi Mwanza si ngeni. Uwanja wa Nyamagana umetandikwa kwa msaada wa FIFA, kama Kaitaba kule Bukoba. Namna zilivyopata umaarufu ndiyo iliyonichekesha. Mwaka 1965 Wamarekani walifungua pale Houston uwanja wa besiboli wenye paa, Astrodome, na paa lenyewe la kupitisha mwanga ili nyasi zipate jua. Wachezaji wakalalamika kwamba mwanga unawaumiza macho, mpira hawauoni. Paa likapakwa rangi, nyasi zikafa, na mwaka 1966 ikatandikwa plastiki. Yaani kitu kilichopata umaarufu kwa sababu ya kukosa jua ndicho tunakileta Mwanza, ambako jua tunalo hadi la kuuza!

Na hilo jua lina maneno yake. Kombe la Dunia la wanawake la 2015 kule Kanada lilichezwa lote kwenye nyasi bandia, baada ya wachezaji kulalamika mpaka kwenye vyombo vya sheria. Siku ya ufunguzi, Edmonton, uwanja ulipimwa ukakutwa na nyuzi 49, na hewa yenyewe haikuwa ya joto la kutisha. Nikamwambia baba mdogo, huku kwetu saa saba mchana mtoto hataweza kukanyaga pale peku. Akanijibu kwamba saa saba mtoto anatakiwa awe shuleni.

Utandikaji nao si wa kukunjua na kulaza kama mkeka. Unaondoa udongo wa juu, unapima mteremko mdogo ili maji yasisimame, unamwaga kokoto, unashindilia, juu yake unaweka vumbi la kokoto na kushindilia tena mpaka pawe kama meza. Nyasi zinakuja kwa marobota, vipande vinaungwa kwa utepe na gundi, kisha unapiga mchanga mkavu katikati ya majani ili yasimame. Viwanja vya mpira wa miguu huongezewa punje za raba. Hizo tumezikataa. Umoja wa Ulaya wenyewe uliamua mwaka 2023 kuzuia uuzaji wake baada ya miaka minane, kwa kuwa zinasambaa kwenye mazingira. Kutoka uani kwa baba mdogo hadi ziwani ni mteremko mtupu, na maji tunayokunywa yanatoka ziwa hilo hilo.

Sasa tuje kwenye mteremko. Wanaoijua Butimba wanajua mawe yetu. Nusu ya ua wa baba mdogo ni jabali lililofunikwa udongo kiasi cha kuoteshea migomba, na migomba hiyo ni ya mama mdogo. Hajasema neno lolote kuhusu kung'olewa kwake. Ila wiki nzima hii tumekula ndizi asubuhi, mchana na jioni.

Chini ya ua, hatua kama kumi hivi, anakaa mama mmoja mjane na watoto wanne. Kazi yake ni kuponda kokoto kwa nyundo. Alikuja Jumapili, akamwamkia baba mdogo, akakataa kiti.

"Mwalimu, mimi na uwanja sina neno. Nauliza maji tu."

Baba mdogo akamweleza kwa upole kwamba nyasi hizi zina matundu kwa chini, maji hayasimami, yanazama.

"Yakishazama, yanaenda wapi?"

Wadau, nimewahi kukaa kwenye mikutano ya waandishi na wakubwa wenye shahada tatu, sijasikia swali la namna hiyo. Kimya kikatanda. Chini ya kokoto kuna jabali, na jabali halinywi maji.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukiongeza nafasi ya kukimbilia, mita moja kila upande, ua unakuwa mita 20 kwa 11, yaani mita za mraba 220. Mvua ya milimita 40, ambayo kwetu hata jina hatuipi, ni lita 8,800. Mapipa 44 ya lita 200! Leo sehemu ya maji hayo inanywewa na udongo na migomba. Kesho yote yatateleza juu ya jabali na kutokea kwenye ukuta wa chumba wanacholala watoto wanne.

Fundi alikuwa amesema mambo hayo tutayaona mvua zikija. Mimi nikasema tuyaone sasa. Tukabishana mpaka usiku, na mama mdogo ndiye aliyekata shauri: mtaro kwanza, nyasi baadaye. Utachimbwa upande wa chini, kina cha nusu mita, bomba lenye matundu ndani yake, kokoto juu, uelekee mtaro wa barabarani. Pesa yake imetoka kwenye fungu la taa, kwa hiyo taa hakuna. Ukitoa saa za joto na saa za giza, michezo itakuwa kati ya saa kumi na moja jioni na jua kuzama, na watoto wanne wa chini wameshaambiwa waje.

Migomba mitatu imebaki pembeni. Jumamosi yule mama alileta debe la kwanza la kokoto za mtaro. Baba mdogo akaomba apunguziwe bei. Hakupunguziwa.