Gemu la wanne halitaki fundi mmoja

Nimepotea kidogo, si mnajua tena wiki za testi, asaimenti zinamiminika kama mvua ya masika na bumu lenyewe tunalisikia harufu tu kwa mbali. Leo naweka desa pembeni niongelee gemu. Najua kuna watakaoguna, "mwalimu mtarajiwa naye anacheza gemu?" Ndiyo, nacheza, na humo ndani kuna ualimu mwingi kuliko mnavyodhani. Nivumilieni.

Gemu letu ni PUBG Mobile. Kwa ambaye hajawahi kuliona, ni hivi: watu hadi 100 wanarushwa kutoka kwenye ndege, wanashuka na miavuli mikono mitupu, wanaokota silaha na dawa majumbani, kisha wanawindana. Huku nyuma eneo salama linazidi kubana, ukibaki nje afya yako inakwisha taratibu. Mkicheza kikundi mnakuwa wanne, na kikundi cha mwisho kubaki ndicho mshindi. Ramani tunayoipenda ni Erangel, kilometa 8 kwa 8, kwa hiyo mtu anaweza kupotea humo kama mgeni Kariakoo.

Sisi wanne tunakaa hosteli moja na wote tunasomea ualimu. Majina nayahifadhi, nitawaita kwa masomo yao: Hisabati, Jiografia, Baiolojia na mimi wa Historia. Na msidhani Jiografia ndiye msoma ramani wetu... huyo bwana mkimpa usukani anawapeleka baharini huku anacheka.

Hisabati ndiye mwenye shabaha. Jamaa ni hatari, sitaki uongo. Tatizo lake ni mdomo. Muhula uliopita kuna usiku tulibaki vikundi vitatu tu, ushindi tunauona huu hapa. Hisabati akajitosa mbele peke yake bila kusema neno, Baiolojia akamfuata ili amsaidie, akapigwa yeye. Basi! Chumba kizima kilisikia: "Wewe ni mzigo! Kila siku mzigo!" Baiolojia hakujibu kitu. Alivua hedifoni, akazima simu, akaondoka zake.

Kesho yake hakuja kimbwetani. Keshokutwa vilevile. Akajitoa kwenye grupu la WhatsApp. Sasa kumbukeni, sisi wanne ndio kikundi cha asaimenti ya saikolojia ya elimu, na huyu ndiye mtu ambaye mwaka wa kwanza bumu lilipochelewa tulikula sahani moja naye wiki nzima, yeye ndiye analipa. Nikaona hapa hatuzungumzii gemu tena, hapa tunampoteza mtu.

Jiografia, pamoja na uendeshaji wake mbovu, ndiye aliyetukutanisha. Tulikaa chumbani kwake tukapanga utaratibu. Nawapa na nyie, kama mnacheza na washkaji mtakuja kunishukuru.

La kwanza, muwe na msemaji mmoja. Mmoja ndiye anaamua tunashuka wapi, tunahama saa ngapi, tunapigana au tunapita kimya. Na asiwe fundi wa kulenga, maana fundi macho yake yako kwenye adui muda wote. Tulimchagua Baiolojia. Ndiyo, huyohuyo aliyeitwa mzigo! Kumbe kwa sababu hapigi sana, anaona sana. Yeye ndiye anakumbuka kutazama ramani, kuhesabu vikundi vilivyobaki na kujua eneo linabana kuelekea wapi. Uamuzi wa wastani ukifuatwa na watu wanne unashinda maamuzi manne mazuri kila mtu na lake. Mkigawanyika wawili wawili, mkakutana na wanne waliokamilika, hapo hata shabaha haisaidii.

La pili, semeni maneno machache yenye kazi. Zamani ilikuwa, "Yule paleee! Nyuma ya mti!" Mti upi jamani? Erangel miti ni msitu! Juu ya skrini kuna dira yenye nyuzi, itumieni. Sasa tunasema: "240, wawili, nyumba ya ghorofa." Upande, idadi, mahali, basi. Na ukishakufa, usiwe mtangazaji wa mpira. Ukiona kitu cha kusaidia sema, kama huna, nyamaza uwaachie wenzako masikio, maana nyayo za adui zinasikika.

La tatu, gawaneni mali. Bunduki ya M416 inakula risasi za 5.56, AKM inakula 7.62. Wote wanne mkibeba M416 mtagombania risasi kama daladala ya jioni. Sisi wawili wanabeba hii, wawili ile. Dawa nazo hivyohivyo. Kisanduku cha huduma ya kwanza kinakufikisha asilimia 75 ya afya, hakivuki hapo. Lile boksi kubwa la kukujaza kabisa ni adimu, kwa hiyo anapewa anayetangulia mbele. Mabomu ya moshi kila mtu abebe angalau mawili. Ya nini? Ngojeni.

La nne, mwenzenu akianguka msimkimbilie kichwakichwa. Akiangushwa anakuwa anatambaa na mnaweza kumwinua, lakini aliyempiga bado yuko palepale anawasubiri. Kwanza rusha moshi au mfukuze yule adui, halafu mwinue. Ukienda kwa huruma tu mnalala wawili. Na mkianguka wote wanne, mchezo umeisha hapohapo.

La tano ndilo gumu kuliko yote. Wakati wa mechi hakuna kulaumu. Mechi ikiisha tunachukua dakika mbili, kila mtu anasema kitu kimoja ambacho YEYE atabadilisha mechi ijayo. Si cha mwenzake, cha kwake. Hisabati alikataa, akasema huo ni utoto. Jiografia akamuuliza, "Kaka, ukisahihisha daftari la mtoto wa Form Two aliyekosea hesabu, unaandika nini? Unaandika 'mzigo'?" Akasema hapana, unamwonyesha hatua aliyokosea. Kimya kikapita... akatazama chini. Wadau, sijawahi kumwona Hisabati anatazama chini.

Hili si letu peke yetu. Wanaofuatilia Dota 2, gemu la kompyuta la watano kwa watano, wanaijua timu ya OG. Mwaka 2018 wachezaji wawili waliondoka miezi michache tu kabla ya mashindano makubwa ya dunia. Nahodha Johan Sundstein wa Denmark akabaki na pengo, hadi kocha wao Sébastien Debs ikabidi aingie kucheza. Walianzia kwenye mchujo wa wazi kama timu yoyote ya mtaani. Agosti ya mwaka huo, huko Vancouver, wakawafunga PSG.LGD 3-2 kwenye fainali na kuondoka na zaidi ya dola milioni 11. Mwaka 2019 wakachukua tena, Shanghai, wakawa timu ya kwanza kulitwaa kombe hilo mara mbili. Vipaji walikuwa navyo, lakini hata waliowaacha walikuwa na vipaji. Mimi ninachokiona pale ni watu walioaminiana mpaka mambo yakiwa mabaya.

Sisi hatujapata hata shilingi. Ila wiki ya tatu ya utaratibu mpya tulishinda mechi ambayo Hisabati alikufa mapema kabisa! Alikaa kitandani anang'ata kucha, hasemi kitu, anamsikiliza Baiolojia akituongoza sauti ya chini kama anafundisha mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Tulipobaki peke yetu uwanjani aliyepiga kelele kuliko wote ni yeye. Samahani hakuwahi kuitamka. Usiku ule alitoka, akarudi na chipsi mayai mbili, moja akaiweka mbele ya Baiolojia bila neno. Baiolojia akala. Mambo yakaisha kiume hivyo, na asaimenti ikakusanywa na majina manne.

Bado tunapigwa sana tu, msije mkadhani tumekuwa mabingwa. Na tuna sheria ya sita: saa moja kwa siku, wiki ya testi hakuna gemu.

Muda si mrefu tunakwenda mazoezi ya kufundisha, kila mtu na shule yake. Nikiwapanga watoto kwenye vikundi, yule mkimya wa nyuma ndiye nitampa kazi ya kuongoza kwanza, nione anaona nini ambacho wenye kelele hawakioni.

Kwa leo niishie hapa, nawahi kimbweta kabla hakijajaa. Tuko pamoja!