Chokaa Mbichi

Huenda ukastaajabu kukuta katika jarida la Kiswahili makala yanayohusu mawe na tangi la samaki. Hata mimi sikukusudia kuyaandika. Lakini kila nilipojaribu kuandika kuhusu adabu katika mazungumzo, mada tuliyoijadili darasani hadi ikachakaa, kalamu yangu ilirejea kwenye tangi lile lile.

Lilikuwa tangi dogo la kioo, urefu wake sentimita 60, upana 30 na kimo 35. Nililinunua likizoni mwaka 2019. Azma yangu ilikuwa kulitia maji ya chumvi na kujenga ndani yake mwamba mdogo wenye pango na tao, mahali pa samaki kujisitiri. Mwamba katika tangi kama hilo si pambo tu. Ndani ya vitundu vyake huishi bakteria wanaoigeuza amonia itokayo kwa samaki kuwa nitriti, na nitriti hiyo kuwa nitrati ambayo haina madhara makubwa. Pasipo bakteria hao, samaki huangamia katika uchafu wao wenyewe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwashi wa Mji wa Kale, Mombasa. Wakati huo mikono yake ilikwisha kuanza kutetemeka, na mwiko wake ulikuwa umening'inia ukutani kwa muda mrefu. Nilipomweleza azma yangu aliniuliza swali moja tu: mawe ningeyatoa wapi? Nikataja baharini. Akanikata kauli.

"Jiwe lililo hai halivunjwi kwa mchezo."

Babu hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba matumbawe magumu yamelindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, wala kwamba joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Alinituma kwenye kifusi cha ukuta uliobomolewa mtaani. Huko nilipata mawe ya matumbawe yaliyokufa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, ya jamii moja na yale yaliyoijenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593. Nikayakwangua lipu kuukuu, nikayasugua kwa burashi na kuyaosha.

Tulianza kujenga nje ya tangi, ndani ya katoni niliyoikata kwa vipimo vya tangi lenyewe. Babu alikaa kitini, mimi mkekani. Mimi nilisema "hiki" na "kile". Yeye alisema kitako cha jiwe, mgongo wa jiwe, uso wa jiwe. "Lizungushe mpaka likubali," aliniagiza, na kweli, jiwe lililokuwa likiyumba lilitulia baada ya kugeuzwa mara tatu au nne. (Miaka mitatu nasoma Kiswahili chuoni, na sikuwa na msamiati wa kulielezea jiwe!) Mimi nami nilikuwa na machache ya kumwambia: kwamba mawe ya chini yakae juu ya kioo chenyewe, mchanga utiwe baadaye, kwa kuwa wapo samaki wafukuao mchanga na kuuangusha mwamba mzima, na kwamba tuache upenyo wa vidole vitatu baina ya mawe na kioo, ili maji yazunguke na burashi ipite. Alisikiliza kwa makini kama mwanagenzi.

Tulipofika kwenye tao, Babu alisema viungo vyake vishikwe kwa chokaa.

Nilijua kwamba haifai. Chokaa hutokana na matumbawe yaliyochomwa tanuuni, na ikisha kuzimwa kwa maji huwa alkali kali inayounguza ngozi. Ikiwa mbichi, huyaharibu maji ya tangi. Nilijua hayo, nikanyamaza. Uso wake ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mikono yake imwasi. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo heshima. Niliikoroga chokaa alivyoniagiza, tao likasimama, na baada ya siku chache tukajaza maji. Tangi jipya huhitaji kusubiriwa majuma kadhaa ili bakteria wastawi. Lakini kila asubuhi Babu aliuliza, "Samaki wa wapi?" Nikaenda kununua wawili, wa rangi ya samawati.

Walikufa usiku ule ule. Nilipoyapima maji kwa matone, pH ilikuwa imepita 9, ilhali ya bahari hukaribia 8.2. Babu alikitazama kile kichupa chenye rangi, kisha akanitazama mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua, Babu."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema chokaa."

Alikaa kimya kitambo kirefu. "Kibarua wangu akiona jiwe lacheza, alikuwa akiniambia. Nikikasirika, nakasirika, lakini jiwe lashuka. Wewe wanifanya mtoto wa kubembelezwa?"

Sikuwa na jibu. Tasfida zote nilizofundishwa zilinikauka kinywani.

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu aliniita nimweleze yote, tangu amonia hadi alkali, akawa ananidadisi. Ndipo aliponieleza nisilolijua: chokaa haikauki tu, bali hukomaa. Nilipofuatilia niligundua kwamba hufyonza kaboni dioksidi hewani, na polepole hurudi kuwa jiwe lile lile lililochomwa. Basi hatukuitupa chokaa. Tulilijenga tao upya kwa viungo vyembamba, tukaliacha kivulini miezi mitatu tukilinyunyizia maji, kisha tukalizamisha katika karai na kubadilisha maji kila wiki hadi matone yakatoa rangi tuliyoitaka. Samaki waliingia mwaka uliofuata.

Babu alifariki mwaka 2022. Tao lingali limesimama. Upande wake wa kushoto pana alama ya kidole gumba, kwa kuwa kiungo cha mwisho alikipachika mwenyewe, mkono ukimtetemeka, chokaa ikimdondoka mapajani. Nilimwambia kwamba kimekwenda upande. Akakibandua, akakirudia mara mbili, nami sikumsaidia.