Jongoo Tusiyemla

Kwetu Buhigwe jongoo ni mdudu wa kusukumwa pembeni kwa kijiti. Mwambie mtu wa Manyovu kwamba kuna jongoo wa baharini ambaye watu wanatoa pesa nyingi ili wamle. Atacheka, kisha atauliza: analiwaje?

Hata wavuvi wengi wa Unguja hawawezi kumjibu kwa kuonja. Jongoo bahari anaokotwa mchangani, anapasuliwa, anatolewa matumbo, anachemshwa na kukaushwa mpaka anakuwa mgumu kama gome. Halafu anasafirishwa hadi Hong Kong na China. Huko analowekwa siku kadhaa alainike, anapikwa na uyoga, anawekwa kwenye meza ya sherehe. Aliyemzamia yeye anakula zake samaki na muhogo.

Kabla hatujamshangaa, tujitazame na sisi. Milima yetu inatoa kahawa ya arabika, lakini wengi wanaoichuma jioni wanakunywa chai. Utamu wake tunasimuliwa tu.

Sasa, kitu unachokila mwenyewe una sababu mbili za kukitunza: mfuko na tumbo. Dagaa wa Kigoma akikosa mnunuzi, tunamla. Akiadimika ziwani, kila jiko linajua siku hiyo hiyo. Jongoo bahari akipungua, nani anajua? Mzamiaji tu, ambaye kila msimu inambidi ashuke kina kirefu zaidi. Hakuna bibi atakayelalamika kwamba kitoweo kimepotea.

Na akishapungua, kurudi ni kazi. Dume na jike humwaga mbegu na mayai majini; wakibaki wachache waliotawanyika, hazikutani. Mchanga nao unakosa mfagiaji wake, maana yeye humeza mchanga, akala uchafu uliomo, akautoa safi.

Tanzania Bara ilipiga marufuku kumvuna. Zanzibar uvunaji uliendelea, na siku hizi wanatotolesha vifaranga vya kufuga. Hiyo ya kufuga naipenda, kwa sababu mfugaji anahesabu alichonacho, kama mkulima wa kwetu anavyohesabu mibuni yake. Lakini bahari ile ile moja ikiwa na sheria mbili, mzigo utavuka tu usiku.

Sisemi watu wa pwani waanze kumla. Nasema kiumbe ambaye hatumli, hatumwimbi wala hatumsimulii, anaweza kwisha kabisa na sisi tukaendelea na chakula cha jioni.