Nyumba ya Jirani Inapovunjika

Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 24 Juni 2016, katika kumi la pili la mwezi mtukufu wa Ramadhani, tulipopata habari kuwa Waingereza wamepiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Jioni ile tulifuturu barazani kwetu, Tanga, kama ilivyo ada yetu: baba, baba mkubwa, sisi ndugu, na majirani wawili watatu. Uji wa pilipili manga ulikuwa haujapoa, na kicheko kilikuwa kimekwisha kutanda. Mmoja wetu alisema kwamba wale tuliodai uhuru kwao mwaka 1961, leo nao wanadai uhuru kwa wengine. "Kumbe mkoloni naye ana mkoloni wake!" Tulicheka sana, na hatukuona ubaya wowote katika kicheko kile.

Baba mkubwa peke yake hakucheka. Alikunywa uji wake, akamshukuru Mola, akatangulia msikitini.

Usiku ule, yapata saa tano na nusu, dada yetu alitupigia simu kutoka Leicester. Kule ndiyo kwanza jua lilikuwa limezama, nao walikuwa wanafungua swaumu ya zaidi ya saa kumi na nane. Tukamrudia mzaha wetu wa barazani, tukitaraji acheke nasi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka zangu, huku hakuchekwi. Jirani yangu analia tangu asubuhi."

Jirani huyo ni mama wa Kipoland, mmoja wa wale walioingia Uingereza baada ya nchi yao kujiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Watoto wake wamezaliwa pale pale. Dada yetu anapokuwa zamu ya usiku, mama huyo ndiye anayewapeleka watoto wetu shule pamoja na wake, na siku ya Idi dada humpelekea sahani ya pilau. Asubuhi ile aliamka bila kujua kama nyumba aliyoijenga kwa miaka ni yake au si yake. Watu milioni tatu hivi wa nchi nyingine za Ulaya waliokuwa wakiishi Uingereza waliamka na swali hilo hilo, na zaidi ya Waingereza milioni moja waliokuwa wakiishi katika nchi za Ulaya wakajiuliza vivyo hivyo kwa upande wao.

Na hapa lipo jambo ambalo hatukulijua tulipokuwa tukicheka. Mama yule hakuwa na haki ya kupiga kura. Ila dada yetu na shemeji yetu, ambao hata siku ile walikuwa wakisafiri kwa pasipoti za Tanzania, walikuwa na haki hiyo, kwa sababu sheria iliwaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi kule kihalali. Mgeni wa kutoka mbali akapewa karatasi ya kura, na mgeni wa kutoka karibu akanyimwa. Sisi tuliodhani kuwa ni watazamaji tu wa ugomvi wa wenyewe, kumbe mikono ya jamaa zetu ilikuwamo ndani ya sanduku la kura.

Siku ya Idi ndipo tulipolijua la pili, nalo lilituuma zaidi. Dada alikuwa amepiga kura ya kubaki. Shemeji alikuwa amepiga kura ya kujitoa. Walikaa siku nyingi wakila meza moja bila ya mazungumzo ya maana.

Tulimlaumu shemeji upesi, kabla ya kumsikiliza. Baadaye tukamsikiliza. Mama yake mzazi, mkaazi wa hapa hapa Tanga, aliomba viza mara mbili akawaone wajukuu zake, na mara zote mbili akakataliwa. Wakati huo huo mama wa yule jirani wa Kipoland alikuwa akija kila kiangazi kwa kitambulisho cha kwao tu, asiulizwe ana fedha kiasi gani benki wala atarudi lini. Shemeji hakuwachukia Wapoland. Aliona uzito wa mizani umeegemea upande mmoja. Katika kampeni alisikia wakisema kwamba mlango wa Ulaya ukifungwa, mlango wa Jumuiya ya Madola utafunguliwa. Hakuwa peke yake kuamini hivyo. Hata baadhi ya wenye migahawa wa asili ya Bangladesh waliunga mkono kujitoa, wakitumai kupata wapishi kutoka kwao kwa urahisi zaidi.

Dada naye alikuwa na hoja yake. Juma moja kabla ya kura aliliona bango kubwa la kampeni lenye picha ya msururu mrefu wa watu, wengi wao vijana wa kiume wenye nyuso kama za Waislamu wa Mashariki. Picha ile ilipigwa mwaka 2015 katika mpaka wa Kroatia na Slovenia, na waliomo walikuwa ni wakimbizi na wahamiaji, wala hawakuwa wanaingia Uingereza. Aliyasikia pia maneno yaliyokaririwa kwamba Uturuki iko njiani kujiunga na Umoja wa Ulaya, kana kwamba jina la nchi ya Waislamu latosha kuwa tishio. "Nikajiuliza," alitwambia, "ikiwa wao wanafukuzwa, mimi niliyevaa hijabu nitabakizwa na nani?"

Khofu yake haikuwa ya bure. Takwimu za serikali ya Uingereza zilionyesha kwamba makosa ya chuki ya rangi na dini yaliyoripotiwa Julai 2016 yalizidi yale ya Julai ya mwaka uliotangulia kwa asilimia 41. Mmoja katika walioonja chuki hiyo alikuwa ni shemeji mwenyewe. Alikuwa akijaza mafuta garini, mtu akampigia kelele arudi kwao. Aliyemtukana hakumwuliza alipiga kura ya upande gani.

Tangu hapo tulianza kuyatazama maneno ya walio nje, yakiwamo yetu, kwa jicho jingine. Rais Obama alikuwa amekwenda London mwezi wa Aprili akawaonya Waingereza kwamba wakijitoa wangesubiri nyuma ya foleni kupata mkataba wa biashara na nchi yake. Asubuhi ya matokeo Trump, aliyekuwa akiwania urais, alikuwa Scotland kwenye uwanja wake wa gofu, akawapongeza kwa kuirejesha nchi yao mikononi mwao, na akasema kushuka kwa thamani ya pauni kutamletea wageni wengi zaidi uwanjani. Ni Wamarekani wawili, na jambo ni lile lile moja. Ufaransa, chama cha Marine Le Pen kilishangilia kwa kuwa nacho kilitamani kura ya namna hiyo. Sisi Tanzania, mwezi uliofuata, serikali yetu iliahirisha kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi baina ya Afrika Mashariki na Ulaya, na kujitoa kwa Uingereza kukawa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Kenya na Rwanda zikatia saini Septemba. Kila mmoja aliitazama nyumba ya jirani kwa dirisha la haja yake. Hilo si dhambi kwa serikali, kwani ni wajibu wake kuangalia maslahi ya watu wake. Lakini aliyetazama haja yake asidhani kuwa ameiona nyumba.

Kwani nyumba ile ilikuwa na vyumba vingi. Waliotaka kujitoa walikuwa takriban asilimia 52, na waliotaka kubaki 48: milioni 17.4 kwa milioni 16.1. Scotland ilichagua kubaki kwa asilimia 62, Ireland ya Kaskazini nayo ikachagua kubaki, huku England na Wales zikichagua kutoka. Leicester yenyewe waliotaka kubaki walizidi kidogo tu nusu. Sisi barazani tulikuwa tukisema "Waingereza wameamua", kama vile ni mtu mmoja mwenye kinywa kimoja. Kumbe ugomvi ulikuwa mtaa kwa mtaa, na mara nyingine, kama tulivyoona, mto kwa mto kitandani.

Tukamwuliza baba mkubwa kwa nini hakucheka siku ile. Alituambia kwa ufupi. Alikuwa karani wa stesheni katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, enzi za Jumuiya ya kwanza iliyoundwa mwaka 1967. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Dada yake alikuwa ameolewa Mombasa. Akafariki katika miaka ile, na khabari zikamfikia baba mkubwa siku nyingi baada ya maziko. Kutoka Tanga hadi Mombasa ni safari ya kutwa, naye hakuwahi hata kumwaga udongo kaburini. "Walikuwapo watu wa mbali," alisema, "waliotuandika magazetini kwamba Waafrika hawawezi kukaa pamoja. Walicheka. Mimi nikawa nalia. Ndiyo maana sikuweza kucheka."

Kisha akatukumbusha mtu mwingine wa nje. Mali ya Jumuiya ile, yaani reli, bandari, ndege, posta na madeni yake, ilibidi igawanywe baina ya nchi tatu zilizokuwa hazielewani. Kazi hiyo ya usuluhishi alipewa Victor Umbricht, mtu wa Uswisi. Alisikiliza pande zote kwa miaka, akahesabu, akapendekeza, na mwaka 1984 mapatano yakatiwa saini Arusha. Haki za wastaafu zilichelewa mno hata baada ya hapo, na hilo ni donda jingine. Lakini alikuwapo mgeni aliyeingia katika nyumba iliyovunjika kwa mizani mkononi badala ya kicheko, na miaka si mingi baadaye nchi zile zile zikaketi tena, mkataba mpya ukatiwa saini Novemba 1999.

Dini yetu imetufundisha haya ndani ya nyumba zetu, nasi tukayasahau tulipotazama nyumba za mataifa. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 35, pakikhofiwa mfarakano baina ya mume na mke, huteuliwa mwamuzi kutoka jamaa za huyu na mwamuzi kutoka jamaa za yule. Mtu wa nje amepewa nafasi, lakini nafasi yenyewe ni ya kutafuta suluhu. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Wala aya haikusema kwamba waliotutawala zamani wametolewa katika katazo hilo.

Hata talaka ina adabu yake. Tumeamrishwa tuihesabu eda, na katika talaka rejea mume anaweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha. Si kwamba mikataba ya mataifa ni ndoa, lakini mfano unasaidia kuelewa. Uingereza iliposa mara mbili ikakataliwa na Rais de Gaulle wa Ufaransa, mwaka 1963 na 1967, ndipo ikaingia mwaka 1973. Ilipotaka kutoka, mkataba uliweka muda wa miaka miwili, nao ukaongezwa mara kadhaa. Na mwezi Desemba 2018 Mahakama ya Ulaya ikaamua kuwa nchi hiyo ingeweza kubadili nia yake kabla muda haujaisha. Haikubadili. Tarehe 31 Januari 2020, saa tano usiku kwa saa za kule, ikatoka baada ya miaka 47. Muda ule uliwapa watu nafasi ya kuhesabu: nani anadaiwa nini, watoto wabaki wapi, mpaka wa Ireland uwe wapi. Wengi wetu tulio nje tuliuona kuwa ni uvivu na kigeugeu. Lakini kuna nyumba ngapi kwetu ambazo talaka ilitamkwa kwa hasira ya dakika moja, na hesabu ikaja baada ya watoto kutawanyika?

Yule mama wa Kipoland alipata kibali cha kuendelea kuishi kule. Mama yake sasa hana budi aje na pasipoti. Mama yake shemeji hajapata viza mpaka leo. Basi dada na shemeji waliwaleta watoto Tanga, bibi akawakumbatia ukumbini kwake, akalia kwa furaha. Jioni moja barazani, jirani mmoja alimgeukia shemeji akamwuliza mbele ya mkewe: "Haya tuambie, kati yenu wawili nani alipatia?" Kabla shemeji hajajibu, baba mkubwa alimsogezea jirani yule sinia ya kalimati na kusema: "Kula, bwana. Hao wamekwisha suluhishana."

Nasi tangu siku hiyo tumejiwekea ada ndogo. Sisi wenyewe tumo ndani ya Muungano tangu tarehe 26 Aprili 1964, na tunajua inavyochoma mtu wa mbali anapoyazungumza mambo yetu kwa kichwa cha habari kimoja. Basi tukisikia nchi fulani imetoka au inataka kutoka katika umoja fulani, huanza kwa kuulizana: nani wetu yuko kule? Nani analia huko usiku huu? Tukishajua hilo, ndipo tunapotoa maoni.

Mwenyezi Mungu azisuluhishe nyumba zetu na za jirani zetu, atulinde na ulimi unaofurahia msiba wa mwenzie. Amin.